Bomba Linapokauka

Kanzenze haikosi mvua. Sekta hii ya wilaya ya Rubavu nchini Rwanda iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, volkano za Virunga zikiwa upande wa kaskazini na vilima vya Gishwati upande wa kusini, kando ya barabara kuu inayotoka Musanze kushuka Gisenyi. Viazi hustawi, ng'ombe hawakosi majani, na asubuhi ukungu hulala mashambani hadi jua lipande. Hata hivyo, ukishika njia ya kuelekea volkano unaweza kutembea muda mrefu bila kuvuka kijito. Udongo ni mweusi na mwembamba, na chini yake kuna lava ya kale iliyojaa nyufa. Mvua ikinyesha, maji huzama papo hapo, yakapita gizani chini ya mashamba, na kuibuka mbali bondeni ambako mwenye kiu hayuko.

Ndiyo maana nyumba nyingi za ukanda huu hukinga maji ya paa, na ndiyo maana bomba lina heshima kubwa. Lakini taarifa za maji, za serikali na za wafadhili, zina mazoea ya kuhesabu vitu vinavyoonekana: kilomita za bomba zilizolazwa, vioski vilivyojengwa, asilimia ya wananchi wanaoishi karibu na koki. Hesabu hizo ni muhimu. Ila hazituambii kinachoyapata maji yakiwa safarini, na ni safarini ndiko yanakoharibika mara nyingi. Maji yanaweza kutoka kwenye mtambo yakiwa salama kwa kila kipimo na kuingia kwenye kidumu cha mama yakiwa na kinyesi cha watu asiowajua. Uchafu huo huingia hasa katika saa ambazo watu wa maofisini huziona kuwa ni usumbufu tu: saa za mgao, bomba likiwa kavu.

Kwa watu wa Rubavu na jirani zao wa Goma, upande wa Kongo, jambo hili halihitaji mifano ya mbali. Katikati ya Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kutoka Gisenyi kuingia Kivu ya Kaskazini kwa siku chache tu. Walikaa juu ya lava ile ile inayopita chini ya mpaka bila kujali ramani. Juu ya mwamba huo choo hakichimbiki, kisima hakichimbiki, na hata kaburi halichimbiki. Kibumba, mojawapo ya kambi kubwa, haikuwa na chanzo cha maji. Watu waliobaki mjini walichota Ziwa Kivu kwa chochote walichokuwa nacho. Katika wiki ya kwanza maji yaliyosafishwa hayakufika hata lita moja kwa mtu kwa siku. Kipindupindu kiligunduliwa tarehe 20 Julai, na nyuma yake kukaja kuhara damu kunakosababishwa na Shigella. Wataalamu waliokusanya takwimu za maafa hayo na kuzichapisha katika jarida la Lancet mwaka 1995 walikadiria kuwa watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza.

Mwaka ule hapakuwa na mtandao wa mabomba wa kulaumiwa, kwa sababu kambini hapakuwa na mabomba. Naukumbusha kwa sababu ulionyesha wazi jinsi ardhi hii ilivyo. Juu ya lava, kinyesi hakipati udongo mzito wa kukichuja. Kinakaa juu, au kinazama kwenye ufa pamoja na mvua. Bomba lililozikwa katika ardhi ya namna hii limezungukwa na yote ambayo watu na mifugo wameacha, na kinga zake dhidi ya hayo yote ni mbili: msukumo wa maji yaliyo ndani yake, na klorini kidogo iliyobaki katika maji hayo.

Kabla ya kueleza kinga hizo zinavyovunjika, tumtambue kwanza mgeni tunayemzuia. Mwaka 1885 daktari wa watoto Theodor Escherich alieleza bakteria aliyempata kwenye kinyesi cha watoto wachanga, na baadaye bakteria huyo akapewa jina lake: Escherichia coli, ambaye maabara zote humwita E. coli. Anaishi matumboni mwetu sote na mwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na aina zake nyingi hazidhuru mtu. Anapimwa kwa sababu nyingine. Kuwapo kwake kwenye maji ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika, na palipofika kinyesi, kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu vinaweza kufika kwa njia hiyo hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauna mjadala juu yake: katika mililita 100 za maji ya kunywa, ambazo ni chini ya nusu glasi, asionekane hata mmoja.

Tatizo la kipimo hiki ni muda. Fundi wa maabara huchuja maji kwenye kiwambo chembamba, hukilaza juu ya chakula cha bakteria, hukiweka kwenye joto na kusubiri takriban siku nzima kabla ya kuhesabu madoa yaliyoota. Matokeo yakitoka, maji yale yameshanywewa. Kipimo cha E. coli kinatueleza jana ilikuwaje. Kwa leo tunahitaji kitu kingine, nami nitakifikia, lakini kwanza twende kwenye bomba lenyewe.

Mifumo mingi ya vijijini katika milima hii ni ya mserereko. Maji hukusanywa kwenye chemchemi iliyo juu, yakashuka kwa uzito wake hadi kwenye matangi na vioski, bila pampu na bila gharama ya umeme. Ni ufundi mzuri, na pale chemchemi ilipo juu ya kijiji sioni sababu ya kutafuta mwingine. Lakini mteremko una kanuni zake. Kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo wa takriban bar 1. Bomba likishuka mita 200 bila kusimama, chini kunakuwa na bar 20, na mabomba mengi ya plastiki yanayouzwa madukani yametengenezwa kwa bar 10 au 16. Ndiyo maana njiani hujengwa vyumba vidogo vya zege vya kupunguza msukumo. Maji humwagika ndani ya chumba, yanapumua, kisha yanaanza safari upya kutoka sifuri.

Sogea karibu na chumba kimoja cha namna hiyo. Ni sanduku la zege lenye urefu wa kufika kiunoni, nusu yake imezama ardhini. Juu kuna mfuniko wa chuma wenye kufuli, kama kufuli bado lipo. Ubavuni kuna bomba la kutolea maji yanayozidi, na mdomoni mwake panatakiwa kuwa na wavu wa kuzuia chura, panya na wadudu. Ndani, maji yanaanguka kwa kishindo kutoka kwenye bomba la juu, na kuta zina utelezi. Utelezi huo ni mji wa bakteria: wamejishika ukutani, wamejifunika ute wao wenyewe, na klorini inayopita juu yao huua wa nje na kuwaacha wa ndani. Utando kama huo umefunika kuta za bomba lote, kilomita kwa kilomita. Bomba likiwa na maji yanayotembea taratibu siku zote, utando hutulia pale ulipo na wakazi wake wengi ni bakteria wa kawaida wa majini. Wavu ukitoboka au mfuniko ukiibiwa, chumba hiki kinakuwa mlango wa wazi katikati ya mfumo uliofungwa, na kila kilicho chini yake kitakunywa kilichoingia hapo.

Kanuni ya pili ya mteremko haionekani kwa macho, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Fikiria bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi, likapanda kidogo kuvuka kilima, kisha likashuka tena hadi vijiji vya bondeni. Asubuhi, koki za bondeni zikifunguliwa zote kwa pamoja, maji hukimbia kwa kasi kubwa kuliko tangi linavyoweza kulisha. Pale juu ya kilima msukumo hushuka, hufika sifuri, na mara nyingine huenda chini ya sifuri. Fungua koki ya kilimani wakati huo na uweke kiganja chako kwenye mdomo wake: utasikia kiganja kikivutwa. Koki inafyonza. Kama kuna mpira uliounganishwa hapo na ncha yake imeangukia kwenye ndoo ya kufulia au kwenye dimbwi la ng'ombe, maji hayo yanapanda na kuingia kwenye bomba linalowanywesha watu wote walio chini.

Palipo na koki panaonekana, na mtu anaweza kupafunga. Viungo vya bomba chini ya ardhi havionekani. Kila mtandao wa maji duniani unavuja, na mtandao uliolazwa kwenye lava huvuja kwa urahisi zaidi, kwa sababu mtaro ni mgumu kuchimba, bomba hulazwa juu juu, na mwamba wenye ncha hulikwaruza kila gari zito linapopita. Wakati wa msukumo, maji safi yanatoka kupitia ufa na kulowanisha udongo. Msukumo ukikatika, udongo ulioloa unarudisha maji ndani, na yanaporudi hayarudi peke yake. Watafiti wa Marekani waliwahi kuchukua sampuli za udongo na maji kandokando ya mabomba ya mamlaka kadhaa za miji, na katika karibu nusu ya sampuli walikuta bakteria wa kinyesi. Hiyo ni mitaro ya nchi yenye mifereji ya majitaka. Nani atasema mitaro yetu ni misafi zaidi?

Kwa hiyo bomba lililokauka ni bomba linalokunywa. Na maji yanaporudi baada ya siku mbili, yanarudi kwa nguvu, yakisukuma hewa mbele yake, yakibomoa utando ukutani na kuburuta kila kilichoingia. Yule mama aliyesubiri kwa muda mrefu kuliko wote, aliyeamka usiku akaweka kidumu chake mbele ya foleni, ndiye anayepata maji machafu kuliko wote. Dhuluma hii hainipi amani. Anayehangaika zaidi ndiye anayeumizwa kwanza.

Ushahidi wa haya upo, tena karibu. Uvira, mji wa Kongo ulio kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, una kipindupindu kisichokwisha, na una mtambo mmoja wa maji wa REGIDESO, shirika la maji la nchi hiyo, ambao husimama kila umeme unapokatika. Watafiti wakiongozwa na chuo cha London cha afya na tiba za nchi za joto waliweka pamoja rekodi mbili za kati ya mwaka 2009 na 2014: kiasi cha maji kilichosukumwa kila siku, na wagonjwa walioingizwa kituo cha kipindupindu kila siku. Baada ya siku ambayo maji hayakutoka kabisa, wagonjwa katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155 wakilinganishwa na siku ya ugavi mzuri. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo waliweza kuhusishwa na upungufu wa maji ya bomba, na athari ilikuwa kubwa zaidi kwenye mitaa iliyotumia zaidi maji ya bomba. Baadhi yao, bila shaka, waliugua kwa sababu walirudi kuchota ziwani. Lakini ziwani hawakurudi kwa kupenda, na kwa mgonjwa tofauti hiyo haina maana: bomba lilimwacha.

Kama kuna anayedhani kasoro ni ya chanzo, miji pacha ya Hubli na Dharwad kusini mwa India inamjibu. Huko mitaa michache iliwekewa maji ya saa 24 huku mingine ikibaki kwenye mgao wa mara moja kila baada ya siku kadhaa, na maji ya pande zote mbili yakitoka kwenye mitambo ile ile. Watafiti walipopima kwenye koki, E. coli alipatikana katika asilimia 0.7 ya sampuli za mitaa ya saa 24, na katika asilimia 31.7 ya zile za mitaa ya mgao. Kilichotofautiana ni saa ambazo bomba lilikuwa tupu.

Sasa turudi Rubavu, kwa sababu huku mgao una sababu zake, na moja kubwa iko kwenye mto. Mji wa Gisenyi na maeneo yanayouzunguka hutegemea kwa kiasi kikubwa mtambo wa Gihira, unaochota maji ya Sebeya. Sebeya hutoka kwenye vilima vya Gishwati. Msitu wa Gishwati ulikuwa na karibu hekta 28,000 katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki takriban 600. Nyingine ziligeuka malisho, mashamba na makazi, hasa ya watu waliorudi nyumbani baada ya 1994 bila kuwa na pa kukaa. Kilima kilichovuliwa miti huachia udongo wake, na mvua ikiwa kubwa Sebeya hushuka ikiwa na rangi ya matofali. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 ilivunja kingo zake, na mafuriko na maporomoko ya usiku ule mmoja yaliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Huduma ya maji nayo ikayumba wilaya nzima.

Tope si uchafu wa macho tu. Klorini haichagui adui. Hushambulia chochote kinachoweza kuoza au kuoksidishwa, na tope limejaa vitu hivyo. Dozi iliyotosha jana kwa maji meupe leo yote inaishia kwenye tope kabla haijamwona bakteria. Bakteria naye hujificha ndani ya chembe ya udongo kama mtu nyuma ya ukuta. Ndiyo sababu waendeshaji wa mitambo hulazimika kuufunga mtambo mto unapochafuka mno, na hapo nawaunga mkono, kwa sababu kusukuma tope lenye klorini ya jina tu ni kuwadanganya watu. Lakini kufunga mtambo ni kuukausha mtandao, na tumeshaona mtandao mkavu hufanya nini. Mtu aliyefyeka kilimani Gishwati miaka 40 iliyopita na mtoto anayehara leo bondeni wameunganishwa kwa namna hii, na kati yao hakuna aliyekusudia ubaya. Mwaka 2015 sheria iliyafanya mabaki ya msitu huo na ule wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa. Wengi huitazama hifadhi hiyo kwa ajili ya sokwe na watalii. Mimi naihesabu pia kuwa sehemu ya mtambo wa maji.

Ardhi yenyewe nayo husogea. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa, yakapasua nyumba na barabara za Rubavu. Upande wa Goma lava ilikata mabomba na kuharibu tangi kubwa, na Madaktari Wasio na Mipaka walikadiria kuwa watu nusu milioni walipoteza maji salama. Wachache hujiuliza swali hili baada ya barabara kuzibwa nyufa: viungo vya bomba chini yake vikoje? Tetemeko linalopasua ukuta wa nyumba halishindwi kulegeza kiungo cha plastiki, na kiungo kilicholegea hakipigi kelele.

Kanzenze ina mzigo mwingine. Kituo cha muda cha wakimbizi cha Nkamira kiko hapa, kilomita zipatazo 20 kutoka mpakani. Kilipokea Wakongomani waliokimbia vita vya mwaka 2012 kabla hawajahamishiwa kambi ya Kigeme, na tangu mwishoni mwa 2022 kimepokea wengine kwa maelfu, wengi wao wakapelekwa kambi ya Mahama. Kituo cha kupita kina desturi ya kugeuka makazi ya miezi. Watu wengi kwenye eneo dogo, vyoo karibu na matangi, watoto wengi: ni picha ndogo ya hatari ya 1994, isipokuwa sasa kuna mashirika, kuna matangi, na kuna klorini. Bakteria anayeingia kwenye bomba hatofautishi mkimbizi na mwenyeji, na hivyo mwenyeji wa Kanzenze ana sababu yake mwenyewe, mbali na huruma, ya kutaka maji ya Nkamira yawe mengi na ya uhakika.

Nilisema leo inahitaji kipimo cha leo, na kipimo hicho ni rahisi. Ni kisanduku kidogo cha plastiki angavu kinachoenea mfukoni, chenye vichupa viwili. Unajaza maji ya koki, unatumbukiza kidonge, unatikisa. Maji yenye klorini huru yanageuka ya waridi. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi, na mizani ya rangi iliyochapwa pembeni inakupa namba. Yakibaki meupe, hakuna kinga. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita mahali maji yanapochotwa, na 0.5 baada ya nusu saa ya klorini kufanya kazi mtamboni. Kazi yote inachukua dakika moja. Haihitaji shahada, na mhudumu wa kioski anaweza kuifundishwa asubuhi akaifanya mchana.

Lakini ni wapi pa kupimia? Hapa ndipo mifumo mingi inapojidanganya. Kupima pale maji yanapotoka tangini ni kuuliza mwanzo wa safari habari za mwisho wake. Klorini huliwa njiani na utando, na kutu, na tope, na muda. Koki ya mwisho, ile ya kijiji cha mbali kabisa juu ya kilima ambako maji hufika kwa shida, ndiyo inayosema ukweli. Ikiwa kule kuna 0.2, kote kuna kinga. Sijui takwimu ya maji inayostahili zaidi kubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya sekta kuliko namba hiyo ya kila siku, ikifuatana na saa ambazo maji yalitoka.

Na iandikwe kwa ukweli. Mei 2000 katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa iliosha samadi hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Klorini iliyotiwa ilikuwa haitoshi. Daftari la vipimo halikuonyesha hatari, kwa sababu wahusika walikuwa na mazoea ya kujaza namba ambazo hawakuzipima. Watu saba walikufa na wengine takriban 2,300 wakaugua, katika nchi tajiri, yenye maabara na sheria. Kila ninapoona daftari la klorini lenye namba ile ile mwezi mzima, kwa kalamu ile ile na mwandiko usiochoka, nafikiria Walkerton.

Matangi yana hadithi yao pia. Gideon, mji wa watu takriban 1,100 huko Missouri, Marekani, ulikuwa ukinywa maji ya kisima kirefu bila klorini. Mwishoni mwa 1993 watu walilalamika kuwa maji yananuka, na wahusika wakafanya jambo lililoonekana la busara: wakafungua mabomba ya zimamoto ili kuusafisha mtandao. Msukumo ukashuka, maji yaliyokaa kwenye tangi la juu yakavutwa kwa nguvu pamoja na mashapo yake. Kwenye tangi hilo njiwa walikuwa wakiingia kwa tundu la paa, na humo mlikuwa na kinyesi na manyoya yao. Bakteria wa Salmonella wakafika majumbani. Zaidi ya watu 600 waliugua na wazee saba walikufa. Tundu moja kwenye bati! Kanzenze na sekta jirani zake zina ndege wengi na matangi yaliyo mbali na macho, na mfuniko mzima ni dawa ya bei rahisi kuliko kitanda cha hospitali.

Baada ya koki kuna kidumu, kile cha manjano cha lita 20 ambacho shingo yake haipiti mkono wa mtu mzima. Ndani yake hukua utando ule ule wa bombani, na maji yaliyotoka salama kioskini yanaweza kuharibika nyumbani kabla ya jua kuzama. Klorini iliyobaki ndiyo inayoyalinda humo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuitaka ifike hadi koki ya mwisho. Kidumu kisuguliwe kwa mchanga safi au mawe madogo na sabuni, kisuuzwe, kifunikwe. Maji yamiminwe, yasichotwe kwa kikombe kinachoshikwa na kila mkono. Mahali ambapo klorini ya bomba haiaminiki, dawa ya klorini ya nyumbani, kama ile inayouzwa Rwanda kwa jina la Sûr'Eau, hufanya kazi, mradi maji yawe meupe kwanza. Yenye tope yaachwe yatulie na yachujwe kwa kitambaa kabla ya dawa. Kuchemsha nako kunaua bakteria wote wa magonjwa haya, ila kuni zina bei na moshi hudhuru mapafu, na si haki mzigo wa kuusafisha mtandao uishie kwenye mafiga ya mama.

Na siku maji yanaporudi baada ya kukatika, utaratibu wa kioski ubadilike. Fundi afungue vali ya chini ya mstari kwanza, polepole, hewa na tope vitoke kabla ya kuruhusu vioski. Mhudumu aache maji ya mwanzo yaende kwenye pipa la kando hadi yatoke meupe, apime klorini, kisha ndipo foleni ianze. Maji ya pipa yasimwagwe, kwa sababu kumwaga maji Kanzenze ni vigumu kwa moyo na kwa mkono. Yatafua, yatasafisha choo na sakafu, yatanywesha miche. Asitozwe mtu hata faranga moja kwa maji hayo, na yule aliyefika wa kwanza foleni abaki kuwa wa kwanza maji ya kipimo yatakapogeuka ya waridi.